Mizani ya Gilgil

Msomaji mpenzi, ukiiandama barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, ukaipita Naivasha, utafika katika mji mdogo wa Gilgil. Ni mji wa bara ya juu, baridi yake huingia mifupani, na sisi watu wa pwani tukifika huko hutambulikana mara moja kwa namna tunavyojikunyata. Gilgil ina kambi ya jeshi, ina reli, ina soko, na ina mizani. Malori ya mizigo yanayotoka bandarini kwetu Mombasa yakielekea Uganda na kwingineko, yakisha kupimwa Mariakani, hupimwa tena hapo Gilgil, ili ijulikane kama mzigo umepita kiasi kilichowekwa na sheria.

Sisi tuliolelewa chuoni tulilijua neno mizani kabla hatujaona lori likipimwa. Mwalimu alipotufikisha katika Suratul-Karia alitufahamisha kuwa iko siku amali za waja zitatiwa katika mizani, na kwamba hapo uzito na wepesi ndio utakaowatenga watu. Tulikuwa watoto, tukiitetemekea siku hiyo, kisha tukitoka tukienda zetu kucheza.

Hivi karibuni nilikwenda Gilgil kwa jambo la jamaa, nikarudi na suala la elimu ambalo limenikosesha usingizi. Ndilo nitakalo kukueleza leo.

Nilitumwa na shemeji

Mke wa marehemu ndugu yangu ana mtoto mmoja wa kiume, ambaye ni mwalimu wa shule ya sekondari hapo Gilgil. Pamoja na kusomesha, kijana huyu anasomea shahada ya pili, na somo alilolichagua ni falsafa ya maadili, yaani elimu ya kutafuta kwa nini jambo hili huitwa jema na lile huitwa ovu. Mamake aliposikia hakupendezwa hata kidogo. Akaniita nyumbani kwake, akanimiminia kahawa, akaniambia: "Shemeji, wewe ndiye msomi wetu. Nenda ukamwambie mwanao asome kitu kitakachompa riziki, asome uhasibu au sheria. Tena hiyo falsafa nasikia humtoa mtu katika dini."

Nikapanda basi la usiku mpaka Nairobi, na asubuhi nikachukua matatu ya Gilgil. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Silaha yangu kubwa ilikuwa Imamu Ghazali, ambaye mwaka 1095 alikamilisha kitabu chake Tahafutul-Falasifa cha kuwarudi wanafalsafa, akawahukumu kwa ukafiri katika mambo matatu. Nani atakayesimama mbele ya Ghazali?

Kijana alinisikiliza kwa adabu, macho chini, mpaka nikamaliza. Kisha akasema polepole: "Ami, hayo ni kweli. Lakini Ghazali huyo huyo, katika kitabu chake al-Munkidh, alipozipanga elimu za wanafalsafa hakuzitupa zote. Kuhusu siasa alisema asili yake wameitoa katika vitabu vya Mitume, na kuhusu akhlaki alisema wamechota kwa masufi. Akaonya kwamba kuikataa haki kwa sababu tu imo katika vitabu vya watu wa batili ni kosa la wenye akili dhaifu. Mwenye kuijua dhahabu haogopi kutia mkono katika mfuko wa mghushi."

Nikanyamaza. Si jambo dogo kushindwa kwa kitabu ulichokuja nacho mwenyewe.

Nyumba ya vyumba vitatu

Siku ya pili ilikuwa Jumamosi, naye hana darasa. Akanichukua mpaka Kariandusi, mahali pa kale palipo karibu na mji, upande wa kuelekea Ziwa Elmenteita. Hapo ndipo Louis Leakey na wenzake walipogundua, mwaka 1928, mashoka ya mawe ya watu wa zamani mno, mengine yakiwa ya jiwe jeusi la volkano lenye kumeta kama kioo. Wataalamu huyakadiria umri wa kati ya miaka 700,000 na 1,000,000. Tukasimama kuyatazama. Mimi nilistaajabu kuona jinsi pande mbili za jiwe zilivyochongwa zikalingana.

"Jiwe hili halikujichonga," kijana akasema. "Aliyelichonga alikuwa na kitu akilini kabla hajanyanyua mkono. Sisi tukiita nia. Basi somo langu, Ami, laanzia hapa."

Akanifafanulia, nami nakueleza kama nilivyofahamu. Elimu ya maadili ni kama nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha katikati ndicho kinachouliza: lipi jema, lipi ovu, na nani wa kusifiwa au kulaumiwa? Lakini huwezi kukaa katika chumba hicho mpaka upite cha kwanza, kinachouliza: mtu ni kitu gani, na kitendo chake ni chake kweli, au yeye ni jani tu lipeperushwalo na upepo? Hiyo ndiyo elimu ambayo Wazungu huiita metafizikia, nao wanavyuoni wa Kiarabu wakaiita elimu ya yaliyo baada ya maumbile. Kwetu sisi sehemu kubwa ya masuala yake husomwa katika darsa za tauhidi. Na ukisha kujua lililo jema, nyumba ina chumba cha tatu: watu wengi wakaao pamoja watalifanyaje jema hilo, nani aamrishe, na nani aulizwe lilipokosekana? Hiyo ni siasa. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kutunza na kuongoza farasi, na ndiyo maana mtunza farasi huitwa saisi. Siasa na saisi ni ndugu wa tumbo moja.

Wakubwa wa elimu hii hawakuvitenga vyumba hivyo. Aristotle, ambaye vitabu vyetu humwita Aristu, alikimaliza kitabu chake cha maadili kwa kuufungua mlango wa siasa. Naye Abu Nasri al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alipoandika juu ya mji wa watu wema hakuanza na mfalme wala kodi wala askari. Alianza na Mwenye Kuwako wa Kwanza, akateremka daraja kwa daraja mpaka kwenye mbingu, kwenye vitu vya ardhini, kwenye nafsi ya binadamu na nguvu zake, na ndipo akafika kwenye mji na anayestahiki kuutawala. Kwa rai yake, watu wakikosea juu ya walivyo na juu ya lengo la maisha yao, mji wao nao utakwenda mrama.

"Wengi wetu," kijana akaendelea, "husoma chumba cha katikati peke yake. Twafundishwa usiibe, usiseme uongo, waheshimu wakubwa. Ni vizuri. Lakini ukikifunga chumba cha kwanza na cha tatu, maadili hugeuka kuwa adabu za kukaa mkekani. Tuchukue mfano, Ami. Lori limekatika breki kwenye mteremko. Mwenye lori aliambiwa breki ni mbovu, akasema Mungu atajaalia. Dereva amekufa. Je, nani aliyetenda?"

Msomaji, niliuhisi moyo wangu ukishtuka. Mfano ule haukuwa wa kitabuni.

Lori la mwaka 2004

Ndugu yangu alikuwa dereva wa lori. Mwaka 2004, akitoka Mombasa na shehena ya saruji, aliipita mizani ya Gilgil salama, na kwenye mteremko wa kushukia upande wa Kikopey lori likamshinda. Alikufa papo hapo. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka sita.

Mwenye lori alikuwa tajiri wa mjini kwetu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, mkono wake mwepesi wa kutoa. Alikuja matangani na magunia ya mchele na bahasha. Alilia. Usiku wa tatu, watu wakisha kutawanyika, utingo wa lori, aliyenusurika na mkono umefungwa bendeji, alinijia barazani. Akaniambia kuwa marehemu alilalamika juu ya breki mara tatu, na mara ya tatu aliambiwa kama anaogopa ashuke, wako madereva wengi wanaotafuta kazi.

Nilifanya nini? Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Shemeji yangu aliniuliza kama iko haja ya kwenda kwa wakili. Nikamjibu: "Hii ni amri ya Mungu. Tusimzulie mtu." Nikamsomea na aya za subira. Akanyamaza, na neno hilo halikuzungumzwa tena. Sikumwambia habari ya utingo. Wala sikumwambia, ingawa alijua, kwamba tajiri yule ndiye aliyekuwa mfadhili wa chuo nilichokuwa nikisomesha.

Sasa kijana amenisimamia mbele ya mawe ya Kariandusi, mrefu kama babake, akaniuliza bila hasira: "Ami, neno ulilomwambia mama siku ile, lilikuwa tauhidi au lilikuwa siasa?"

Ajali ni nini?

Nilijitetea kwa nilichosomeshwa. Katika Jauharatu-Tauhidi ya Sheikh Ibrahim al-Lakani, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1041 Hijria (takriban 1631), twafundishwa kuwa hata aliyeuawa amekufa kwa kutimia umri wake. Hakuna muuaji awezaye kuitangulia ajali aliyoiandika Mola. Hii ndiyo itikadi ya wenzetu wa Ahlu-Sunna, nami sikuitupa wala siitupi leo.

"Wala mimi siitupi," akasema. "Lakini wanavyuoni hao hao, wakishaifunga Jauhara, huufungua mlango wa jinai katika fikihi, wakaandika kisasi na diya juu ya muuaji. Hawakumwambia muuaji, nenda zako, marehemu umri wake ulikuwa umekwisha. Umri ni wa Mungu, na mkono ni wa muuaji. Wewe, Ami, ulimsomea mama kitabu kimoja ukamfichia cha pili."

Hapo nikakumbuka jinsi lugha yetu yenyewe ilivyotuchezea. Kwa Kiarabu ajali ni muda uliowekwa, siku ya mwisho ya mja. Waswahili tukalichukua neno hilo tukaligeuza jina la gari kupinduka. Na sisi waandishi wa magazeti, mimi nikiwa mmoja wao, twaandika kila leo "ajali ya barabarani", na papo hapo tumekwisha kutoa hukumu bila ya kujua. Neno limesema ni muda uliofika. Basi nani atauliza tena juu ya breki?

Mwenye kudhani kuwa dini yetu yafundisha kulala, naamkumbuke Seyyidna Omar. Alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni, aliamua kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jawabu lake, kwa maana yake, ni kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Aliamini kadari, na akauzuia msafara usiingie katika tauni. Mwenye lori wetu alikuwa na imani ya nusu ya kwanza tu.

Wafalme na kadari

Wala usidhani, msomaji, kuwa ni fitina mpya iliyoletwa na vyuo vikuu. Katika karne ya kwanza ya Hijria, wakati wa dola ya Bani Umayya, suala hili lilikuwa likizungumzwa Basra na Dameski, na watu waliuawa kwa ajili yake. Ibn Kutaiba, aliyefariki mwaka 276 Hijria (889), asimulia katika kitabu chake al-Maarif kuwa watu wawili, mmoja wao Maabad al-Juhani, walimwendea Hasan al-Basri wakamshtakia kuwa wafalme wanamwaga damu za Waislamu na kuchukua mali zao, kisha wanasema vitendo vyao vyapita kwa kadari ya Mungu. Hasan akajibu kuwa wamesema uongo. Iko na barua inayonasibishwa na yeye Hasan, aliyompelekea Khalifa Abdulmalik bin Marwan juu ya suala hilo hilo. Maabad aliuawa, na baadaye Ghailan wa Dameski naye akauawa kwa amri ya Khalifa Hisham bin Abdulmalik.

Nisifahamike vibaya. Makadaria, waliosema kuwa mja hujiundia vitendo vyake mwenyewe, walikataliwa na wanavyuoni wa Sunna, na sababu zao ni nzito, kwani hakuna muumba ila Mmoja. Lakini tazama jambo la ajabu. Suala lililo la ndani kabisa, la nani mwenye kitendo, ambalo mtu angedhani ni la wazee wanne na buli la chai baada ya Isha, mfalme alilisikiliza kwa makini, kwa sababu jawabu lake liliugusa upanga wake na hazina yake. Kama kila litendekalo halina mtendaji ila Mungu, basi dhalimu hana dhambi, na mwenye kulalamika anamlalamikia Mola wake.

Imamu Abul-Hasan al-Ashari, aliyefariki mwaka 324 Hijria, na ambaye sisi Mashafii wa pwani aghalabu twamfuata katika itikadi, alitafuta njia ya katikati. Alisema kitendo huumbwa na Mungu, na mja hukichuma. Neno lake ni kasbu, nalo si geni kwetu, maana Mswahili husema amekwenda kukasibu, yaani kuchuma. Mola ndiye aliyeumba mti, tunda na mkono, lakini aliyechuma ni wewe, na ulichochuma ndicho kitakachotiwa katika mizani. Tangu utotoni nilikuwa nikilisoma neno hilo kama fumbo la mtihani. Huko Gilgil ndiko nilikofahamu kuwa lilikuwa likinihusu mimi.

Kaburi la Gilgil

Jioni tulipokuwa tukirudi mjini, kijana akanikumbusha kuwa hapo Gilgil, katika shamba lake, ndipo alipozikwa Josiah Mwangi Kariuki, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la JM. Vijana wa leo huenda wakamjua kwa jina tu. Alizaliwa mwaka 1929. Wakati wa hali ya hatari Waingereza walimweka vizuizini miaka ipatayo saba, kambi baada ya kambi, bila ya kuhukumiwa na korti, na habari za mateso hayo aliziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Baada ya uhuru akawa mbunge na waziri msaidizi, akawa tajiri mwenye mashamba na mpenzi wa mbio za farasi, na papo hapo akawa msemaji mkali wa wasiokuwa na ardhi. Watu walimwuliza: mwenye mashamba atawateteaje wasio na shamba? Ni suala la haki la maadili, nami siwezi kulimaliza hapa. Lakini suala hilo halikuachiwa muda wa kujibiwa. Tarehe 2 Machi 1975 alionekana Nairobi kwa mara ya mwisho. Ikavumishwa kuwa yuko Zambia. Kumbe maiti yake ilikuwa imepatikana upande wa Ngong, nayo ina alama za risasi.

Bunge liliunda kamati chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, na mwezi wa Juni mwaka huo ripoti yake ikaletwa. Waziri Masinde Muliro, na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, walipiga kura kinyume cha serikali waliyokuwamo, na wote watatu wakaondolewa katika vyeo vyao. Hata leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale.

"Hapa vyumba vyote vitatu viko wazi," kijana akasema. "Umri wa JM ulikuwa umetimia, hilo ni la Mungu. Waliomwua walichuma walichochuma. Na nchi ilichagua kutouliza mpaka mwisho, na hilo nalo ni la kuchumwa. Wale watatu walichuma chao kwa kura moja, wakalipa kwa kazi zao."

Nikamwuliza kama haoni ni salama zaidi kusoma uhasibu. Akacheka, akasema uhasibu ndio huu.

Hatukosi wenye fikra

Nitasema na hili, kwani wako watakaodhani kuwa falsafa ni kitu cha kutoka ng'ambo. Mwaka 2007 msomi wa Kijerumani, Kai Kresse, alichapisha kitabu kizima juu ya wenye fikra wa Mombasa yetu, na miongoni mwao alimtazama mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo na utenzi wake juu ya utu, Mtu ni Utu. Alikuja kutoka mbali kuwasikiliza watu ambao sisi tulikuwa tukipita mbele ya baraza zao tukisema salamu alekum basi. Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, naye alizunguka vijijini kuzungumza na wazee wenye hekima, akawapambanua namna mbili: yule anayeihifadhi hekima ya watu wake na kuitoa kama alivyoipokea, na yule anayeipima kwanza akauliza kama ni kweli.

Kwetu sisi namna hiyo ya pili si ngeni. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islahi mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, hakuwafariji Waislamu wa Mombasa kwa kuwaambia kuwa unyonge wao umeandikwa. Aliwalaumu kwa uvivu, kwa mifarakano na kwa kuipuuza elimu, naye alikuwa mjuzi wa kadari kuliko sisi sote. Na Abdilatif Abdalla, mwaka 1968, aliuliza kwa karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi?, akafungwa miaka mitatu kwa kuuliza. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa zawadi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mwenye kutaka kujua kama maadili yana uhusiano na siasa, namwambie atazame hapo.

Niliyorudi nayo

Usiku wa mwisho kijana alinipikia wali, na jawabu lake nilikuwa bado sijampa. Nikampa wakati huo. Nikamwambia: "Mwanangu, neno lilikuwa la tauhidi, na ulimi uliolitamka ulikuwa wa siasa. Nilimwogopa mtu, nikamsingizia Mungu." Akatikisa kichwa, akanitia mchuzi. Hakusema kuwa amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Asubuhi, matatu ilisimama kando ya barabara karibu na mizani kungoja abiria. Malori yalikuwa yamepanga safu, moja likipanda, jingine likishuka. Mizani ile hupima uzito wa mzigo. Haipimi breki, wala haipimi moyo wa mwenye lori, wala wa msomi aliyekaa barazani na siri ya utingo. Hayo yana mizani yake. Lakini nimefahamu kuwa kungoja mizani ile ya pili si ruhusa ya kuyaacha ya hapa duniani yapite bila kupimwa. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa yatutaka tuwe mashahidi wa haki, hata kama ushahidi wenyewe ni juu ya nafsi zetu au jamaa zetu. Ndiyo sababu nimeyaandika haya gazetini, na jina langu liko juu yake.

Tajiri yule naye amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na hesabu yake iko kwa Mwenyewe. Kesi haipo tena ya kupelekwa mahali. Lakini shemeji yangu yuko hai. Nilipofika Mombasa nilikwenda kwake moja kwa moja, kabla ya kwenda kwangu. Nikamweleza habari za mwanawe, kwamba asome alichokichagua, kwani dini yake iko salama kuliko yangu. Kisha nikamweleza habari ya breki, na ya utingo, na kwa nini nilinyamaza.

Alikuwa akipanga vikombe vya kahawa katika sinia. Hakuinua kichwa.

"Nilijua, shemeji," akasema. "Utingo alipita kwangu kabla ya kuja kwako. Nilikuwa nikikungoja wewe useme, kwa kuwa wewe ndiye uliyesoma."

Miaka zaidi ya ishirini alikuwa akingoja. Kisha akaniuliza kama kijana ana blanketi la kutosha huko Gilgil, maana amesikia baridi ya kule si ya mchezo.

Wallahu aalam.